Diwali Nyumbani, Hekaluni au Mtaani: Uile Wapi?

Binamu yangu wa Nairobi hunipigia simu kila mwaka, siku kama kumi kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, na swali lake ni lilelile: "Safari hii tukae au tutoke?" Mkewe anataka hekaluni. Watoto wanataka fataki. Mama mkwe, ambaye magoti yake yamechoka, anataka watu watulie nyumbani taa ziwashwe kwa adabu. Kuna mwaka walijaribu yote matatu usiku mmoja. Saa tatu usiku walikuwa kwenye foleni Parklands, wanakula mithai, vitamu vya Kihindi, ndani ya gari, na nyumbani hakuna hata taa moja iliyokuwa imewashwa.

Mimi nimelelewa Upanga, Dar es Salaam, katika nyumba ya Wagujarati, na Diwali nimeila kotekote: sebuleni kwetu, hekaluni Kisutu, na barabarani Leicester, Uingereza, nilipomtembelea shangazi. Sina jibu moja la kumpa kila mtu. Ninachoweza ni kupima kila mahali kwa mizani ileile, kisha wewe uangalie nyumba yako ina watu gani.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayowatega wengi. Diwali huangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, kwa sababu kalenda ya Kihindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na nusu au mitatu ili kuwahi jua. Mwaka 2026 una mwezi wa nyongeza. Ndiyo maana Diwali iliyokuwa tarehe 20 Oktoba 2025 inasogea hadi Jumapili, 8 Novemba 2026. Na msidhani ni Waislamu peke yao wanaobishana kuhusu mwezi. Mwaka 2024 huko India kwenyewe wengine waliwasha tarehe 31 Oktoba na wengine 1 Novemba.

Sikukuu yenyewe ni ya siku tano. Kwa Wagujarati zinakwenda hivi: Dhanteras, Kali Chaudas, Diwali yenyewe, Mwaka Mpya, kisha Bhai Beej, siku ambayo kaka hula kwa dada yake. Siku nne kati ya hizo zinavumilia kusogezwa huku na huku. Ile ya tatu haivumilii. Ibada ya Lakshmi hufanywa jua likishazama, ndani ya saa mbili hivi. Kwa Dar es Salaam hiyo ni kuanzia kama saa kumi na mbili na robo hadi karibu saa mbili na robo usiku. Ukiuliza "tuile wapi," kwa kweli unauliza utakuwa wapi katika saa mbili hizo.

Mizani yangu ina mambo manne: ibada na saa yake, moto, mfuko, na wageni.

Nyumbani

*Ibada na saa yake.* Hapa saa inakutii wewe. Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, anaaminika kuingia nyumba safi iliyo na nuru mlangoni, kwa hiyo kazi huanza wiki nzima kabla: makabati yanasogezwa, masufuria yanasuguliwa, vitu vilivyovunjika vinatolewa nje. Bibi yetu, tuliyemwita Ba, alikuwa na zamu yake ambayo hakumwachia mtu. Baada ya chai ya saa kumi anakaa sakafuni, ananyofoa pamba, anaisokota juu ya paja kwa kiganja kilichopakwa samli mpaka utambi unatoka mwembamba kama mkia wa panya. Diya ni kibakuli cha udongo kinachoenea kiganjani, kimebinywa upande mmoja ili utambi upate pa kulala. Ba aliziloweka kwenye ndoo tangu asubuhi, kisha akazikausha, kwa sababu udongo mkavu hunywa mafuta. Ukishashiba maji, mafuta yote yanabaki kwa ajili ya utambi. Diya ambayo haikulowekwa huzima kabla hamjamaliza kuimba.

Mtoto aliyesokota tambi kumi na moja za kwake hahitaji kuambiwa sikukuu inahusu nini. Hilo sijaliona likitokea kwingine kokote. Ila nyumbani kuna upweke wake. Kama mpo wawili tu kwenye chumba cha kupanga ugenini, mkawasha diya mbili na kutazamana, usiku huo unaweza kuwa mrefu.

*Moto.* Nyumba ndiyo yenye moto mdogo, na ndiyo yenye hatari ya karibu zaidi. Tatizo ni pazia, na mtandio wa nailoni unaoburuzwa juu ya safu ya diya. Vaa pamba, diya zikae sakafuni au juu ya trei ya bati, mbali na dirisha, na mtu mmoja asilale mpaka ya mwisho imezimika. Mwenye mtoto anayetambaa atumie zile taa za umeme ambazo mjini kila mtu anaziita taa za Krismasi, aache diya moja tu ya kweli, juu, mbele ya sanamu. Hakuna dhambi hapo.

Fataki ni habari nyingine. Nilipokuwa na miaka tisa nilisimamisha roketi kwenye chupa ya soda, chupa ikalala, roketi ikaenda moja kwa moja kwenye roshani ya jirani na kutoboa kanga iliyoanikwa. Kesho yake mama akapeleka doti mpya na sahani ya barfi, mithai ya maziwa. Jirani akaipokea kanga huku akicheka. Kwenye barfi akasita, akauliza kwa upole: "Hii imeombewa, au ni ya kula tu?" Nitalirudia swali lake, maana lina uzito. Kwa sasa nasema tu kwamba kabla ya kununua fataki zinazoruka, pita kituo cha polisi uulize kuhusu kibali. Zile za mkononi zinazometameta zitumbukizwe kwenye ndoo ya maji zikishazimika, kwa sababu waya wake huendelea kuunguza mguu ulio peku. Mtoto akiungua, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iache bafuni.

Baba yangu alikuwa na sharti moja zaidi. Upanga adhana ya Magharibi hulia karibu wakati uleule tunaowasha diya, na yeye hakuruhusu hata cheche moja mpaka msikiti umalize Isha. Tulinung'unika kila mwaka, na miaka yote ile hatukupokea lalamiko hata moja.

*Mfuko.* Diwali ya lazima ni rahisi: udongo, pamba, mafuta, unga wa rangi wa kuchora rangoli mlangoni. Rangoli yenyewe hapa kwetu ni ya kubahatisha, maana ni msimu wa vuli. Mara nyingi mvua ya alasiri inaifua kabla mgeni wa kwanza hajafika. Kinachokula pesa ni nguo mpya, fataki, na mithai za kununua. Vitafunio kama chevda, chakri na ghughra vikipikwa nyumbani vinagharimu jasho zaidi ya shilingi.

*Wageni.* Jirani Mswahili akialikwa nyumba ya Wagujarati anahitaji kamusi kidogo. Kwetu "mama" ni mjomba, "kaka" ni baba mdogo, na "dada" ni babu mzaa baba. Rafiki yangu wa shule aliposikia naita "Dada!" kisha akatoka mzee wa kipara, alikaa kimya mpaka anaondoka.

Sasa lile swali la barfi. Chakula kilichotolewa mbele ya miungu ni prasad, na Waislamu wengi na baadhi ya Wakristo hawakili. Mithai ya kawaida, isiyopita madhabahuni, wengi huipokea bila wasiwasi, na kwa kuwa chakula chetu cha sikukuu hakina nyama, swali la kuchinja halipo. Basi tenga sahani mbili tangu jikoni, useme wazi ipi ni ipi. Usimwache mgeni abahatishe.

Na kama bibi yako bado anafuata ile desturi ya Kali Chaudas, ya kupeleka vada, aina ya bagia, njia panda na kuzizungushia maji ili kuutupa ugomvi wa mwaka mzima, mpashe habari mlinzi mapema. Wetu alikuta vada tano barabarani alfajiri na akagoma kupita pale wiki nzima.

Hekaluni

*Ibada na saa yake.* Hapa huna cha kukosea. Kuhani anasoma, wewe unafuata, na nyimbo za watu mia tatu zina nguvu ambayo sebule haina. Kwa mfanyabiashara kuna Chopda Pujan, ibada ya daftari: daftari jipya jekundu la hesabu linafunguliwa, ukurasa wa kwanza unaandikwa "Shubh" na "Labh," yaani heri na faida. Siku hizi utaona kompyuta mpakato zimepangwa mstari, kila moja ina alama nyekundu ya unga kwenye kifuniko, na wenyewe wamekaa nyuma yake kwa nidhamu kama watahiniwa.

Lakini saa ni ya hekalu. Wakichelewa kuanza, nawe umechelewa, na nyumbani mlango uko gizani.

Wengi hawatumii ipasavyo siku ya Mwaka Mpya. Siku hiyo ndiyo ya Annakut, mlima wa chakula: vyakula kwa mamia vinapangwa ngazi kwa ngazi mbele ya miungu, na huku kwetu kuna mihogo na ndizi katikati ya ladu na jalebi. Hufanyika mchana, watu wameshalala vya kutosha, wamevaa vizuri, wanapeana mikono na kusema "Sal Mubarak," maneno ambayo Mswahili hahitaji kutafsiriwa nusu yake. Kwa maoni yangu hekalu hunoga zaidi siku hiyo kuliko usiku wa Diwali wenyewe.

*Moto.* Diya zinaangaliwa na watu wa zamu, na fataki zikiwepo zinawashwa uani na watu wazima waliopangwa. Mzazi anapumua. Hatari ya hekaluni ni viatu. Niliingia na kandambili za ngozi, mpya, nikatoka nimevaa za mtu mwingine, namba mbili zaidi, za plastiki. Sikuiba, ndizo pekee zilizokuwa zimebaki.

*Mfuko.* Hakuna kiingilio na chakula hugawiwa bure, ingawa kuna sanduku la mchango na macho ya watu. Gharama iliyojificha ni mavazi. Nyumbani sari ya mwaka jana ni sari. Hekaluni ni sari ya mwaka jana.

*Wageni.* Mahekalu mengi yanapokea mtu wa dini yoyote anayeingia kwa heshima: mabega yamefunikwa, viatu nje, simu kimya. Katika mahekalu ya dhehebu la Swaminarayan, likiwemo lile kubwa la Forest Road, Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1999, wanawake na wanaume hukaa sehemu tofauti, na chakula hakina kitunguu wala kitunguu saumu. Mwambie mgeni wako mapema, hasa kama ni mume na mke wanaotarajia kukaa pamoja. Na hapa karibu kila kinachogawiwa ni prasad, kwa hiyo mgeni asiyekula prasad atarudi na njaa.

Mtaani

Kwa mtaani namaanisha sherehe ya wazi: uwanja wa jumuiya, barabara iliyofungwa, jukwaa, taa za manispaa. Afrika Mashariki nyingi ni za viwanja na kumbi za jumuiya. Ukitaka kuona mtaa wenyewe ukigeuka Diwali, nenda Belgrave Road, Leicester.

Nilipomtembelea shangazi nilifika pale saa kumi na moja jioni, kiza kimeshaingia, baridi ya kukata masikio. Barabara imefungwa magari, taa za rangi zimetandwa juu kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu wamebanana kama Kariakoo mkesha wa Idi. Mbele yangu bibi wawili waliovaa makoti juu ya sari walikuwa wanabishana kwa Kigujarati kuhusu wapi kuna "mogo" nzuri. Mogo ni muhogo wetu. Njugu wanaita "jugu." Maneno hayo yalitoka Kampala, Kisumu na Dar yakiwa mdomoni, mahali ambapo forodha haikagui.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Baraza la jiji la Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Walikwenda. Leo baraza la jiji hilohilo ndilo linalotundika taa za Diwali.

*Ibada na saa yake.* Mtaani hakuna ibada, au ipo dakika tano jukwaani kabla ya mheshimiwa kuhutubia. Mara nyingi hata siku yenyewe siyo; sherehe ya Trafalgar Square, London, kwa kawaida hufanywa mchana wa wikendi iliyo karibu. Hiyo ni faida kwa mwenye kutaka vyote viwili, kwa sababu haigombanii saa na diya za nyumbani. Ulaya pia jua huzama mapema mno mwezi Novemba, hivyo unaweza kuwasha nyumbani saa kumi na moja na bado ukawahi mtaani. Dar haiwezekani, labda uishi hatua tano kutoka uwanjani na usihitaji bajaji.

*Moto.* Mtaani moto ni mkubwa ila uko mbali nawe. Hatari ni umati wenyewe. Mwaka 2025 Leicester waliondoa jukwaa na fataki kwa kuhofia usalama wa watu waliobanana, taa zikabaki. India, Mahakama ya Juu ya nchi iliamua mwaka 2018 kwamba zitumike fataki zenye moshi kidogo tu, na usiku wa Diwali zipigwe kati ya saa mbili na saa nne. Hewa ya Delhi ilikuwa imeshasema yote. Mwenye pumu, mwenye mtoto mchanga na mwenye mbwa mwoga wote wajiulize kwanza.

Mtaa unaweza pia kuwa bila mlipuko. Trinidad, ambako Diwali ni sikukuu ya taifa tangu 1966, watu hukunja mianzi kuwa matao uwanjani mbele ya nyumba, wakazipanga diya juu yake, na majirani wa dini zote hupita wakitazama. Ayodhya nako, mwaka 2024, ziliwashwa diya zaidi ya milioni 2.5 kandokando ya mto Sarayu. Sijui nani alisokota tambi zile, ila namwonea huruma paja lake.

*Mfuko.* Kutazama mara nyingi ni bure. Kutoka na watoto watatu kwenye uwanja wenye vibanda vya chakula na vinyago vinavyowaka si bure hata kidogo.

*Wageni.* Hapa ndipo mtaa unapoyashinda mahali pengine pote. Rafiki asiyejua lolote hahitaji mwaliko, hahitaji kuvua viatu, haogopi kukosea. Na kwa kijana Mhindu aliyezoea kueleza sikukuu yake kila mwaka darasani, kuona barabara nzima imewaka kwa ajili yake ni jambo ambalo sebule haliwezi kumpa.

Kwa hali yako

Una mtoto chini ya miaka mitano au mzee asiyeweza kusimama muda mrefu: usiku wa Diwali bakini nyumbani, hekaluni mwende mchana wa Annakut, mtaani msubiri sherehe ya wikendi.

Una duka: nenda Chopda Pujan, lakini acha mtu nyumbani awashe diya mlangoni jua likizama. Au mwite kuhani dukani mapema, wengine hukubali.

Uko peke yako mjini, mwanafunzi au mfanyakazi mgeni: washa diya moja chumbani, kisha toka. Hekalu litakulisha bila kukuuliza ukoo, na Tanzania, ambako siku hiyo si mapumziko ya kitaifa, mwaka 2026 Jumapili imekusaidia.

Mmeoana dini mbili: nyumbani ndipo penye nafasi ya kuamua wenyewe nani anasimama wapi. Mtaani ndipo wakwe wote wanaweza kuja bila kubanwa. Hekaluni kuachwe mpaka mwenzio aombe mwenyewe kwenda.

Wewe ni jirani, si Mhindu, umealikwa: nenda nyumbani kwao baada ya saa moja na nusu usiku, ibada ikiwa imekwisha. Peleka matunda au njugu, usipeleke kitu chenye mayai wala nyama. Ukitaka kuuliza kama mithai imeombewa, uliza. Hawatakasirika.

Vijana wenye nguvu na marafiki wengi: mtaani, na mama apigiwe simu kabla ya jua kuzama.

Binamu yangu nimemwambia hivi: Jumapili ile diya nyumbani saa kumi na mbili na robo, mama mkwe kwenye kiti chake mlangoni, fataki za mkononi uani baada ya Isha, na hekalu liahirishwe hadi Annakut. Amekubali. Amebakiwa na swali moja tu, viatu vyake avifiche wapi.